Risasi ya London kwenye joto la Tana

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma kumbukumbu za wawindaji wa zamani waliopita Kenya kaskazini, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba kilichowasumbua wao ndicho kinachotusumbua sisi tunaoandika programu. Programu inaenda vizuri kwenye mashine yako, ukiipeleka kwa mteja inakufa. Kwa mwindaji ilikuwa hivyo hivyo, ila aliyekufa hakuwa programu.

Kabla sijaendelea: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama Mei 1977, na kutengeneza risasi ni jambo la leseni na sheria kali. Kwa hiyo usitafute vipimo vya baruti hapa. Hii ni historia. Swali langu ni moja tu: ni nini kilimfanya mtu aiamini risasi yake, hasa yule aliyebeba bunduki ya risasi moja, asiye na nafasi ya pili?

Tuelewane kwanza kuhusu risasi

Watu wengi wakisema risasi wanafikiria kile kipande kinachoruka. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, kwa kawaida la shaba iliyochanganywa na zinki. Kuna fataki, kitu kidogo kitakoni mwa ganda kinachotoa cheche kikigongwa. Kuna baruti ndani. Halafu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka.

Bunduki yenyewe ni bomba lenye mistari iliyochongwa kwa kuzunguka ndani yake ili kichwa kitoke kikijizungusha. Bomba likiwa zuri, litarudia kile kile kila mara. Kinachobadilika ni unacholitia. Risasi hii ikiwa na baruti kidogo zaidi ya ile, au kichwa hiki kikiwa na shimo la hewa ndani yake, zitapiga mahali tofauti hata kama mkono wako haukutikisika. Kwa hiyo tukisema bunduki ina shabaha, mara nyingi tunasema kwamba risasi zake zinafanana. Huo ndio msingi wa habari yote inayofuata.

Enzi ya mwindaji fundi

Mwaka 1888 mwindaji Mwingereza, H. C. V. Hunter, alikuwa kwenye Mto Tana akapiga swala ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa na jina lake. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alimwandika kwa jina la kisayansi lenye jina la Hunter ndani yake. Wenyeji wa Tana, bila shaka, walikuwa wakimjua mnyama huyo kabla Hunter hajazaliwa. Ndiye hirola, na makao yake hadi leo ni Garissa.

Enzi za Hunter baruti ilikuwa nyeusi: shura, kibiriti na makaa. Mtengenezaji wa bunduki wa Uingereza alikuuzia silaha ndani ya kasha, na mara nyingi ndani ya kasha hilo hilo ulikuta kalibu ya kuyeyushia vichwa na vyombo vya kujazia maganda. Ukimaliza kupiga unaokota ganda, unang'oa fataki iliyotumika, unatia mpya, unapima baruti, unaweka kichwa. Kazi ya jioni kando ya moto (ila si karibu sana na moto!).

Silaha nyingi zilikuwa za risasi moja. Jeshi la Uingereza lilikuwa na Martini-Henry tangu 1871, yenye kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 31 hivi. Wawindaji wenye pesa walipenda bunduki za mtambo uliobuniwa na John Farquharson mwaka 1872: unavuta wenzo chini ya mkono, gogo la chuma linashuka, chemba inafunguka, unatia risasi yako moja. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho karibu na Rufiji Januari 1917, alijulikana sana kwa kuitumia aina hiyo iliyotoka kiwanda cha Gibbs, Bristol.

Kwa lugha yetu, huyu mwindaji alikuwa na msimbo wazi. Risasi isipopiga vizuri aliifungua, akaangalia, akabadilisha kitu kimoja, akajaribu tena. Baruti nyeusi ilimsaidia pia kwa sababu ni mvumilivu: inatoa moshi mwingi na kuchafua mtutu, lakini haibadiliki sana kwa joto la mchana.

Brussels yaingia

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Sehemu kubwa ya mkataba huo ilihusu biashara ya watumwa, lakini ulikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, bunduki za kisasa zenye mtutu wa mistari na risasi zake zilizuiwa kuingizwa bila ruhusa maalumu. Magobore ya mawe na baruti ya kawaida ya biashara yaliruhusiwa zaidi.

Angalia ujanja uliopo hapo. Waliotunga mkataba walijua kwamba gobore linakula chochote, lakini bunduki ya kisasa inakula risasi yake tu. Ukishika risasi umeishika bunduki.

Kaskazini ya Tana mkataba ulivuja. Ufaransa ilikuwa imeacha bunduki yake ya zamani, Gras ya mwaka 1874, risasi moja, milimita 11, baada ya kupata Lebel mwaka 1886. Bunduki zilizobaki ziliuzwa kwa wingi, nyingi zikapitia Obock na Djibouti kwenda Ethiopia. Hata mshairi Arthur Rimbaud, baada ya kuachana na mashairi, alipeleka msafara wa bunduki kwa Menelik na kumfikia mwaka 1887. Risasi zilipata thamani hata zikatumika Ethiopia kama pesa, pamoja na mabamba ya chumvi na reale za Maria Theresa.

Bunduki hizo zilishuka hadi kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 makundi ya wawindaji tembo kutoka Ethiopia, ambao ripoti za serikali ya kikoloni ziliwaita Tigre, yalikuwa yakiingia nyika ya kaskazini kutafuta pembe. Mwaka 1905 Waingereza walimweka Mgiriki, Philip Zaphiro, kukagua mpaka akiwa upande wa Moyale. Mwaka 1913 Kapteni Aylmer aliuawa katika mapambano na watu wa makundi hayo. Gras ilikuwa silaha iliyopitwa na wakati kwa Mfaransa, lakini ganda lake nene la shaba na baruti yake nyeusi viliweza kujazwa upya na fundi asiye na kiwanda. Nyikani, hilo lilikuwa na faida kuliko upya.

Kordaiti, kifurushi kilichofungwa

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa imeiacha baruti nyeusi. Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi Ufaransa mwaka 1884. Mwaka 1889 Frederick Abel na James Dewar wa Uingereza wakaleta kordaiti: nitrogliserini, pamba iliyotiwa asidi, na kiasi kidogo cha mafuta mazito ya madini, vyote vikikandwa na kusukumwa vitoke kama tambi. Jina lenyewe linatokana na umbo hilo la kamba.

Nguvu yake ilikuwa nyingine kabisa. Kichwa chembamba cha milimita 7.7 cha bunduki ya .303 kiliruka haraka kuliko donge la Martini. Hakuna wingu la moshi la kumwonyesha mnyama ulipo. Wawindaji walishangilia.

Lakini kuna jambo moja dogo la kiwandani ambalo kwangu ndilo kiini cha makala hii. Ganda la .303 lina shingo nyembamba. Fungu la tambi za kordaiti halipiti kwenye shingo hiyo. Kwa hiyo kiwandani walitia kordaiti kwanza wakati ganda bado ni pana, halafu wakaibana shingo, kisha wakaweka kichwa. Mwindaji aliye Bura au Lorian hakuweza kurudia hatua hizo. Alipewa kifurushi kilichofungwa, kilichojaribiwa na watu wengine, mahali pengine, kwenye hali ya hewa nyingine.

Na hapo ndipo joto linapoingia. Baruti ni kemia, na kemia huenda kasi zaidi inapoanza ikiwa na moto. Risasi iliyopimwa kwenye baridi ya Uingereza ikiachwa juani hadi shaba inaunguza vidole itaungua haraka zaidi na kusukuma kwa nguvu zaidi. Garissa mwezi Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini. Chuma kilichoko juani kinapita hapo kwa mbali.

Bell na ganda lililonasa

Aliyelipia somo hili kwa njia ya kukumbukwa ni Walter Bell, Mskoti aliyekuja kujulikana kwa jina la Karamojo Bell. Alifika Mombasa mwaka 1897, hajatimiza miaka 18, akapata kazi ya kulinda watu wa reli dhidi ya simba. Hiyo ni nyika ya Taru na Tsavo, nyika ile ile kavu inayoendelea kaskazini hadi Tana na kuvuka kwenda Garissa.

Bunduki yake ilikuwa .303 ya risasi moja kutoka kwa Daniel Fraser wa Edinburgh, fundi mwenye sifa kubwa. Bunduki nzuri, shabaha nzuri. Tatizo likawa kwamba baada ya kupiga, ganda halitoki. Joto lilipandisha msukumo, ganda likavimba likashikamana na ukuta wa chemba, na kile kidole kidogo cha kulivutia nje hakikuwa na nguvu ya kutosha. Ilibidi ulisukume kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu. Fikiria unafanya hivyo na simba aliyejeruhiwa yuko kwenye majani mbele yako.

Hakuna sehemu iliyokuwa mbovu peke yake. Bunduki ilikuwa sawa Edinburgh. Risasi zilikuwa sawa kiwandani. Mkutano wa vitu hivyo viwili na jua la Afrika ndio haukuwa umejaribiwa na mtu. Ukiwahi kuunganisha mifumo miwili isiyo na kasoro ukapata mfumo wenye kasoro, unajua ninachosema.

Mtambo wa risasi moja ulikuwa na udhaifu wake hapa. Bunduki ya komeo, kama Lee au Mauser, ukiinua mkono wa komeo inalegeza ganda kwa nguvu ya mzunguko kabla ya kulivuta. Gogo linaloshuka halina nguvu hiyo. Hata hivyo komeo nalo si malaika. Januari 1, 1896, Arthur Neumann alikuwa karibu na Ziwa Turkana, tembo jike akamjia mbio. Akavuta, ikalia "ka!" tupu. Alikuwa hakuvuta komeo hadi mwisho na risasi haikuingia chemba. Tembo alimkanyaga na kumchoma kwa pembe. Alipona, lakini kwa kuuguzwa majuma mengi kambini.

Bell alirudi Afrika baada ya Vita vya Makaburu akiwa na bunduki za komeo. Silaha aliyohusishwa nayo zaidi ni Rigby ya milimita 7, yenye kichwa cha gramu 11 hivi. Kati ya tembo 1,011 aliowaua maishani, wapatao 800 aliwaua kwa bunduki ya ukubwa huo. Idadi hiyo inasikitisha, sitaipamba. Ila sababu aliyoitoa ya kuipenda ni ya kifundi: risasi za kiwanda cha DWM cha Ujerumani hazikumwangusha. Alipata shida na risasi za bunduki nyingine, akaziacha. Hakuchagua bunduki, alichagua risasi, na bunduki ikafuata.

Tupige hesabu

Mimi ni mtu wa kompyuta, siwezi kuacha bila namba. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wapigaji ni kwamba kwa baruti za kawaida zisizo na moshi, kila nyuzi moja ya selsiasi huongeza mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Tuseme risasi ilipimwa kwenye nyuzi 15 na sasa imelala juani ikafika 55. Tofauti ni nyuzi 40, yaani mita 20 kwa sekunde.

Chukua kichwa kinachotoka kwa mita 600 kwa sekunde, na mnyama aliye mita 200. Ukiacha ukinzani wa hewa, kinafika kwa sekunde 0.333, na mvutano wa ardhi unakiangusha sentimita 54 hivi. Kwa mita 620 kinafika kwa sekunde 0.323 na kuanguka sentimita 51. Tofauti ni sentimita 3 na kitu. Ukiingiza hewa inaongezeka kidogo.

Basi ni sentimita chache tu? Ndiyo, na hilo linafundisha. Joto halikuwaharibia wawindaji shabaha kwa kiasi cha kuzungumziwa. Kilichoharibika ni kufanana. Risasi ya kwanza ilikuwa chemba tangu asubuhi, ya pili ilikuwa mfukoni juani, ya tatu kwenye mkoba kivulini. Kila moja ni risasi tofauti ingawa zote zimetoka boksi moja. Na zaidi ya shabaha kuna msukumo ndani ya chemba, ambao hupanda haraka kuliko mwendo. Bell hakukosa shabaha. Alinaswa ganda.

Marekebisho

Viwanda vilijibu kwa njia mbili. Kwanza, vilianza kuuza risasi maalumu za nchi za joto, zenye kordaiti pungufu. Pili, risasi kubwa za tembo zilizotoka kuanzia 1898, kama .450 ya Rigby na baadaye .470, zilipewa maganda makubwa kwa makusudi ili msukumo ubaki chini na ganda litoke kirahisi hata juani. Yaani waliacha nafasi ya akiba. Kila mhandisi anajua thamani ya kuacha nafasi ya akiba.

Huko Marekani ujazaji wa mkono haukufa. Kampuni ya Ideal ya John Barlow ilianza mwaka 1884 kuuza vyombo vyenye umbo la koleo ambavyo mtu angevibeba mfukoni. Na baruti za Marekani zilikuwa punje ndogo, si tambi, kwa hiyo zilipita shingoni.

Kutoka kwa watu hao akatokea daktari wa Massachusetts, Franklin Mann, aliyetoa kitabu mwaka 1909 baada ya miaka mingi ya kupiga bunduki za risasi moja zilizofungwa kwenye msingi mzito usiotikisika. Alimwondoa mpigaji. Akabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akaandika kila kitu. Akagundua kwamba kasoro ndogo kwenye kitako cha kichwa inatawanya risasi kuliko mambo mengi ambayo watu walibishana juu yake. Soma alivyofanya kazi na utaona mtu anayetafuta hitilafu kwenye programu, ila yeye alitumia risasi na karatasi.

Suala la joto lilichukua muda mrefu zaidi. Miaka ya 1990 Australia, nchi yenye jangwa lake, ilianza kutoa kutoka kiwanda cha Mulwala baruti ambazo mwendo wake haubadiliki sana kutoka baridi hadi joto. Karibu miaka 100 baada ya Bell, mtu akatengeneza baruti akianza na swali la mahali itakapotumika.

Mpaka kwenye meza yangu

Kuna uzi mmoja unaonifurahisha. Mwaka 1895 daktari kutoka Philadelphia, Arthur Donaldson Smith, alimaliza safari iliyoanzia Berbera, akapita nchi ya Boran na Ziwa Turkana, akateremka Mto Tana hadi Lamu, akiwinda na kupima njia nzima. Miaka 50 baadaye, katika mji huo huo wa Philadelphia, ikakamilika ENIAC. Ilijengwa ili kukokotoa majedwali ya mwendo wa makombora. Njia moja ya kombora ambayo mtu mwenye mashine ya mezani aliipigia hesabu kwa saa 20 hivi, ENIAC iliimaliza kwa nusu dakika. Ilionyeshwa kwa umma Februari 1946, na waliokuwa wakiipanga ni wanawake sita.

Kwa hiyo swali la "itaangukia wapi?" ni mmoja wa wazazi wa kazi ninayoifanya. Tusijitenge nalo.

Na hirola je?

Miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Sasa ni chini ya 500 duniani kote, na makao yao ya asili ni ukanda wa Garissa na ng'ambo ya mpaka Somalia. Bunduki ilichangia, lakini si yenyewe peke yake: sotoka ya miaka ya 1980, ukame, na nyasi kumezwa na vichaka vimewamaliza zaidi. Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini huko Ijara, pamoja na wahifadhi, walizungushia uzio eneo na kuwaweka hirola 48 wa kuanzia. Wengine nje ya uzio walifungwa kola za GPS ili ijulikane wanakula wapi na wanafia wapi.

Somo ninaloliona ni lile lile. Uzio, kola na mbegu za nyasi zinazofanya kazi kwenye ripoti ya Nairobi au London lazima zijaribiwe Ijara, kwenye joto la Ijara, na watu wa Ijara ambao wanaweza kuzifungua na kuzirekebisha zikinasa. Bell alikuwa na ufito wa kusukumia ganda. Hirola 500 hawana nafasi ya pili, kama alivyokuwa mtu mwenye bunduki ya risasi moja.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.